Wimbo Niliowapelekea Nyumbani

Jumatatu, Migori. Mawingu yameshinda yakitutisha na hata tone halijaanguka. Mimi pia nimeshinda hivyo. Simu, andika ninavyosema, usinipambe. Shule sikuenda, lakini aibu naijua vizuri.

Jumamosi tulipeleka mahari Homa Bay. Mjukuu wangu Ouma anaoa msichana wa huko, Achieng. Na kwetu wanawake wa upande wa bwana hawaendi kimya. Wanaingia na wimbo wa kuchokoza boma la bibi arusi, wale nao wanajibu, watu wanacheka, ndio undugu unaanza. Mtunzi ni mimi. Kila arusi hapa ni mimi.

Lakini Homa Bay ndiko nilikozaliwa.

Nimeolewa Migori tangu matiti yakiwa yamesimama, na mpaka leo hapa naitwa nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay. Nikienda Homa Bay naitwa mgeni wa Migori, napewa kiti kizuri kama mtu wa serikali. Nikikaa siku mbili nagombana na mbu, na vumbi, na ndugu zangu. Nikirudi huku nalia kwa gari.

Sasa nikatunga. Mtu mwingine angetania harufu ya samaki, jambo ambalo kila mtu anatania na limeshazoeleka. Mimi nilijua pa kushika. Niliimba juu ya maji. Mji umekaa mdomoni mwa ziwa na mabomba yamekauka, wamama wanangojea punda wa mitungi.

"Ziwa lote ni lao, wanaoga na kikombe!"

Wenzangu waliitikia mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa mbele, natingisha mabega, mzee mzima.

Nyanya yake Achieng, Rosbella, alitoka kujibu. Tulichota maji pamoja tukiwa wasichana. Alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga.

"Si ni wewe?" akasema. "Sasa tukujibu nini? Tunatukana wakwe. Wewe ni wetu."

Akaenda kuniletea maji ya kunawa. Kwa kikombe.

Mayie! Nilinawa. Ningefanya nini?

Chakula kililiwa, mahari ilipokelewa, hakuna aliyenuna. Ningeweza kusema imeishia hapo. Lakini jana watoto wa boma hili walikuwa wanauimba wakiosha vyombo. Leo asubuhi muuza mboga wa sokoni ameniimbia. Na Achieng anakuja kuishi hapa. Ataitwa nyar Homa Bay kama mimi, na kila akibeba beseni kwenda kuoga, kutakuwa na mjinga wa kuuliza kikombe kiko wapi.

Mimi nilipokuja hapa kama bibi arusi walinitania harufu ya omena, vile visamaki vya ziwa, mpaka nikawa najisugua na majani. Nilijua kunavyouma. Nikatunga tu.

Mchana nilimpigia Achieng. Nikamwambia, mtoto wangu, nimekukosea, nitawakataza hawa wote.

Akacheka kidogo. "Dani," akaniita, kama wajukuu wanavyoita nyanya, "utakataza watu wangapi? Mimi mwenyewe nimeuimba nikipika. Wimbo ni tamu. Hiyo ndiyo mbaya yake."

Nikakata simu.

Tangu hapo nimejaribu kutunga wa kuusifu ule mji. Jua likichomoza kule ziwani, sokoni asubuhi, wamama wakibishana bei na wanacheka. Unatoka umelala kama uji wa jana. Miaka yote hii, nikiupenda mji wangu nakosa sauti. Nikiutukana naimba kama malaika. Ni moyo gani huu nilipewa?

Basi nimeamua hivi. Siku ya arusi kanisani nitasimama upande wa Achieng, pamoja na Rosbella na wanawake wa Homa Bay. Watu wa Migori watafute mwimbaji mwingine, na wakianzisha ule wa kikombe, nitawajibu mimi. Bwanangu atasema nimemuaibisha. Aseme.

Shida ni kwamba wimbo wa kujibu sina. Na Rosbella, je, atanisogezea nafasi nisimame?