Nilivyofundisha Butembo Nzima Kuangalia Kulia

Butembo, Jumapili jioni. Ukungu ulikaa mlimani hadi saa nne, halafu likatoka jua la kutosha kukausha nguo. Nina furaha, tena nyingi, ingawa wiki hii nimeaibika mbele ya watu wengi kuliko wanaonisalimu kanisani.

Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tatu. Tangu barabara ya shule isawazishwe, pikipiki zinapita pale mbio mbio, na watoto wangu thelathini na wawili wanaivuka kila siku. Darasani muda hautoshi. Kwa hiyo nimefungua kundi la wazazi kwenye simu, na kila Alhamisi natuma somo fupi la usalama barabarani: sauti yangu, picha mbili na kazi ya kufanya nyumbani. Wanasikiliza huku wanamenya viazi.

Somo la Alhamisi lilikuwa la kuvuka. Nililitoa katika kozi ya Kiswahili niliyosoma mtandaoni, iliyotengenezwa na majirani zetu wa mashariki. Kozi nzuri kabisa. Nilibadilisha maneno yawe ya kwetu, nikaongeza na wimbo: angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena. Sauti ninayo, siwezi kujificha. Ijumaa asubuhi njia nzima ilikuwa inaimba.

Jana asubuhi kaka yangu Kasereka akapiga simu kutoka Beni. Anabeba abiria kwa pikipiki pale Bungulu, na masomo yangu, ninayomtumia yeye pia, huwasikilizisha wenzake wakisubiri wateja.

"Masika, batoto yako banaishi Kasese ao Butembo?" Alicheka hadi akakohoa. "Huku kwetu motokari ya kwanza inatoka kushoto! Ku Uganda ndio inatoka kulia!"

Nilikaa chini.

Majirani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, sisi upande wa kulia. Maneno nilikuwa nimeyapitia moja moja, mikono, wa kulia na wa kushoto, nikaisahau. Kiswahili chao nakielewa vizuri mno, nikaona na barabara yao ni yangu. Miaka kumi na mmoja nafundisha! Na wimbo ukishaingia kichwani mwa mtoto, hakuna pa kubonyeza ili kuufuta.

Niliogopa kweli. Kesho yake watoto wote wangevuka kwenda kanisani, Wakatoliki kwao na sisi Waprotestanti kwetu, huku wakifuata wimbo wangu.

Kiburi kilinishauri nitume wimbo mwingine kimya kimya. Kwetu mwalimu haombi mtoto msamaha. Nilizunguka uani mara tatu, halafu nikabonyeza nikasema: mwalimu wenu amekosea. Msiniamini mimi. Simameni na mzazi ukingoni, msivuke, mtazame chombo kinachopita karibu nanyi kinatoka upande gani. Kisha mnitumie sauti.

Ee shajara, ungesikia! Majibu yalianza kuingia kabla sijamaliza chai. Kuku wanalia nyuma, mama anakemea, mtoto anapiga kelele: "Mwalimu, inatokaga ku kushoto! Ulitudanganya!" Baba mmoja alisimama nusu saa na mwanawe, akaniletea ripoti nzima kwa Kifaransa. Nilicheka hadi machozi. Kufikia jioni nilikuwa na majibu thelathini na moja.

Lililokosekana lilikuwa la Kavira, anayeimba kwa nguvu kuliko wote. Jirani yao aliniambia mama yake amempeleka shambani Kipese kuvuna viazi, simu imezimika, na wangerudi leo moja kwa moja hadi kanisani.

Nililala vibaya.

Leo nilitoka kabla ya kengele ya kwanza, nikamsubiri upande wa kanisa. Wakashuka yeye na mama yake kutoka kwenye pickup ng'ambo ya barabara, Kavira akiwa na gauni lake la njano. Nilipomwona anageukia barabara, akili yote ilinitoka. Nikaangalia kulia, nikaona kweupe, nikaingia barabarani.

"Mwalimu, kushoto! Kushoto!"

Niliruka nyuma. Pikipiki ilipita karibu kuugusa upindo wa kitenge changu, mwendeshaji akitikisa kichwa. Kavira alikuwa amesimama ukingoni, ameshika mkono wa mama yake. Kwake yeye pikipiki ilikuwa upande wa kulia. Alisema kushoto kwa sababu aliwaza kama amesimama pale nilipokuwa mimi. Kisha akaangalia kushoto, kulia, kushoto tena, bila haraka yoyote, akavuka hadi kwangu.

Kumbe simu yao iliwaka njiani. Waliusikiliza ujumbe wangu ndani ya pickup, abiria wote pamoja, ila mtandao ukakataa kupeleka jibu. "Hata chauffeur wa pickup alisema mwalimu iko na roho muzuri, anakubaliaka kosa," mama yake akaniambia.

Kavira alikuwa ameinamisha kichwa. "Mwalimu, unisamehe. Nilikupigia makelele."

Nilimkumbatia pale pale, mbele ya wazee wa kanisa, nikamwambia anipigie kelele kila siku ya maisha yangu. Mahubiri sikuyasikia vizuri, Mungu anisamehe. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada nilimwomba mama yake ruhusa, naye amekubali. Somo la Alhamisi atalisema Kavira. Mimi nitashika simu, na nitasikiliza.