Nani Ana Ng'ombe kwa Festo?

Jumatatu, 9 Septemba 2013

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi kwenye unga. Nimekwenda kusaga debe moja mashineni nimerudi na kichwa kinagonga — si kelele za injini, kelele za watu.

Redio ya mwenye mashine ilikuwa inatangaza operesheni ya kule Kagera na Kigoma. Wahamiaji haramu wanarudishwa kwao. Wengine wameondoka na godoro tu kichwani. Basi wanawake kwenye foleni wakaanza: afadhali, wametujazia nchi, waende! Mmoja akasema hata huku Hanang wapo. Halafu wote wakaangalia debe langu, utafikiri debe ndilo limetoka Burundi.

Nikasema, semeni tu, mtu ana jina. Wakarudi kuangalia foleni.

Nimemwambia Festo. Amecheka, mume wangu huyu! Aliletwa huku na baba yake akiwa hajang'oa hata jino la utoto, mwaka sabini na mbili, vita imewatoa kwao. Baba yake akapata kibarua kwenye mashamba ya ngano, akafia huku, kaburi lake liko nyuma ya mbaazi. Festo anaongea Kiiraqw mpaka wazee wa kwetu wanamsifu, na Kibarbaig cha kutosha kupatania bei ya ng'ombe. Kirundi kimebaki cha kuombea maji. "Mama Juliana, watanirudisha wapi? Huko nitamsalimia nani?"

Hataki kuogopa. Basi itabidi niogope mimi.

Jumatano, 11 Septemba

Hhando, tunayesali naye, amekuja kuchukua ng'ombe wake tunayemfugia.

Niandike polepole maana nina hasira. Huku kwetu hakuna mwenye akili anayelaza ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, umekwisha. Unampa mmoja rafiki, mwingine shemeji, mwingine mtu wa bondeni. Anayekufugia anakunywa maziwa, ndama mnaelewana. Na humpi mtu usiyemwamini! Ukimpa mtu ng'ombe umeshasema mbele ya kijiji, huyu ni wangu. Kumchukua nako kuna adabu yake — unatuma neno mapema, mnakaa, mnakunywa pombe kidogo, unaeleza shida yako.

Hhando alisimama nje ya zizi, kiti alikataa. Kasema mke wake anaumwa, ameandikiwa maziwa. Nikamwambia pole sana, Jumapili nimemwona kanisani anakwenda kutoa sadaka kwa kucheza, amezidiwa lini? Akaangalia viatu vyake. Festo akaniambia nyamaza. Akamtolea ng'ombe mwenyewe, akamkatia na fimbo ya kumswagia njiani. Fimbo! Amemkatia na fimbo!

Ijumaa, 13 Septemba

Juliana amerudi shule macho yamevimba. Yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Wenzake wamemuuliza kama Burundi kuna shule za kata. Nimemwambia awajibu zipo, za watoto wenye adabu. Hakucheka. Ameniuliza, mama, mimi ni wa wapi? Nikamtuma kuni.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo Wolfgang. Mdogo wangu wa tumbo moja!

Ametoka Masakta kabla ya jua. "Shikamoo dada." Marahaba, karibu uji. Nikafurahi, mjinga mimi, nikajua amekuja kutusimamia. Amekunywa vikombe viwili ndipo akasema. Anataka mtamba wake.

Nikamuuliza kulikoni. Eti serikali ikimchukua shemeji haitachambua ng'ombe yupi wa nani, itabeba zizi zima. Hataki mnyama wake alale polisi. Na tena — akashusha sauti — mimi nisihofu, mimi ni wa kwao, nyumbani kupo, nitarudi.

Na watoto?

Akainamia kikombe kitupu. Maana anajua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Baba akiondolewa, nani atawashika mkono hawa? Mjomba anayeogopea mtamba?

Nimemfukuza na mwiko hadi barabarani. Majirani wameona. Waone! Wanasema damu nzito kuliko maji. Ya kwetu nadhani imeongezwa maji dukani.

Lakini mtamba amekwenda naye. Zizini wamebaki mmoja wetu, kikongwe, na watatu wa Gidamis. Gidamis ni Mbarbaig wa kule chini, rafiki ya Festo tangu ujana. Festo ameketi mlangoni mwa zizi mpaka jua limezama, hataki chakula, anasema ameshiba. Ameshiba nini?

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa bomba la maji. Bomba halikutajwa.

Alisimama Emanuel. Huyu ana duka la spea za pikipiki na anautaka uenyekiti mwakani, kila mtu anajua. Kavaa koti na jua lote lile. Akasema shamba lisipopaliliwa magugu yanamaliza mahindi, na kijiji hiki kina magugu. Kwanza hakutaja jina. Kisha akataja. Festo ni mhamiaji haramu, analima ekari ambazo vijana wa hapa hawana, na bado anaoa mabinti zetu. Mabinti! Ni mmoja, mimi, na nilijipeleka kwa miguu yangu.

Watu walipiga makofi. Si wote, ila niliwaona waliopiga. Hao hao Festo kawachimbia makaburi ya wazazi wao. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walimpa jembe, akalima miaka arobaini, sasa wanataka na jembe lirudi.

Haramu. Neno hili linanikwama. Gongo ni haramu. Meno ya tembo haramu. Mtu anakuwaje haramu, na kakaa hapo na shati nililompigia pasi mwenyewe? Mkoa wenyewe huu wa Manyara umezaliwa juzi, Festo yupo hapa tangu tuko chini ya Arusha. Kama ni wa kuja, mkoa ndio wa kuja!

Ningeyasema hayo ingekuwa afadhali. Lakini Emanuel akasema, "Nyie mwangalieni tu pua. Hiyo ni pua ya Hanang?" Wakacheka. Na Festo wangu akajishika pua. Hapo nikashindwa. Nikasimama. Nikasema, Emanuel, na yako ni ya wapi? Maana Morogoro walikushusha kwenye lori la vitunguu saumu wakakuweka ndani wakidhani Mhabeshi, mpaka ulipoimba wimbo wa taifa ndipo wakakuachia!

Jamani, walicheka! Hata mwenyekiti alifunika mdomo. Na ni kweli, sisi Wairaqw tukishuka huko pwani kila kizuizi tunaulizwa habari za Addis Ababa. Nilijiona mshindi. Halafu nikauona uso wa Emanuel. Mtu alikuwa anatafuta kura tu, sasa anatafuta kisasi. Akasema basi, Jumapili analeta gari la uhamiaji kutoka mkoani, atalifuata mwenyewe.

Mdomo huponza kichwa. Na safari hii kichwa si changu.

Mzee Akonaay akaomba neno. Yeye ni mdhamini wetu wa ndoa, anatupenda. Akasema karatasi tusiulizane, nusu ya tuliokaa hapa hatuna cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kura Festo anayo, na Emanuel anasema hata hiyo hununuliwa. Sisi tunamjua mtu kwa ng'ombe. Gari likija, wazee tuingie zizini kwa Festo, tuwaonyeshe serikali: huyu wa fulani, huyu wa fulani. Mtu aliyeaminiwa ng'ombe na watu wa hapa ni mtu wa hapa, na sisi wazee tutaweka dole gumba. Mkutano wote ukasema vema.

Alidhani anatuokoa! Hana habari zizi limeshakombwa. Hhando aliinama akaanza kufunga kamba za viatu — alivaa ndala.

Gidamis akasema kutoka nyuma, "Wangu watatu wapo." Emanuel akamjibu, Mang'ati naye ni shahidi? Naye si wa kuja tu? Neno hilo, Mang'ati, Wabarbaig wenyewe hawalipendi hata kidogo. Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyekataa. Mzee Akonaay alisema tu ng'ombe ni ng'ombe, atahesabiwa.

Jumatano, 18 Septemba

Nimepika mara mbili nimesahau chumvi mara mbili. Festo hajanilaumu kwa lile la jana. Angenilaumu! Amekwenda kurekebisha mfereji wa jirani kama kawaida.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda Masakta kwa miguu ili hasira ishuke njiani. Haikushuka. Wifi yangu Verediana akanipa kiti kizuri, nikajua mambo ni mabaya.

Nimemwomba mdogo wangu. Mimi! Nikasema, rudisha mtamba, Jumapili jioni mchukue. Akasema dada, huko ni kuidanganya serikali. Nikamuuliza, na siku zote alipokuwa kwetu ulikuwa unamdanganya nani? Au ulikuwa humwamini Festo, ulikuwa unaamini majani yake?

Verediana akasema kwa sauti ndogo, ni shemeji Festo aliyembeba mgongoni kwenye matope hadi zahanati, alipopata uchungu kabla ya wakati. Wolfgang akamwambia aangalie chungu.

"Nitaona, dada." Nitaona! Kwetu hiyo ni hapana iliyovaa nguo ya kanisani.

Kwa Hhando nilipita wakati wa kurudi. Walisema hayupo. Nilimsikia akikohoa.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui nilie au nimpige mtu.

Alfajiri Festo amefungua zizi, anawatoa ng'ombe wa Gidamis. Nikadhani malisho. Kumbe anawarudisha! Nikasema umerukwa na akili? Hao ndio mashahidi wetu pekee! Akasema, "Mama Juliana, wakinichukua kesho na hawa wamo ndani, Gidamis atawapata wapi? Walioondoa wa kwao wameondoa. Aliyebaki kuniamini ndiye nimfilisi?"

Nikamwambia kesho wazee wanakuja kuhesabu! Utahesabiwa nini, kinyesi? Akasema hataki kupona kwa mali ya mtu.

Nikashika mkia wa ng'ombe wa mwisho. Mungu ananiona, niliushika kweli kweli. Ng'ombe akanikokota hadi kwenye mbaazi, kanga imebaki kwenye miiba. Juliana analia na kucheka pamoja. Festo akarudi akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama ananivua pete.

Jioni amerudi peke yake. Gidamis hakumkuta, amewaacha kwa mke wake. Zizini yumo yule kikongwe wetu, jicho moja halioni.

Tumekaa. Nimemwambia nisamehe kwa mdomo wangu. Akasema mdomo huo ndio aliouoa, ila kesho anaomba neno lolote lisitoke. Hata shikamoo iwe ya chini. Nimeahidi. Naumia, lakini nimeahidi.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani sikwenda. Naandika hapa jikoni maana mkono usipofanya kitu mdomo utafanya.

Wazee wameshafika. Mzee Akonaay ameingia zizini, ametoka, amekaa juu ya jiwe. "Wako wapi?" amemuuliza Festo. Festo akasema wamerudi kwa wenyewe. Mzee anajikuna goti. Hhando hayupo. Wolfgang hayupo, nimechungulia barabara ya Masakta mpaka macho yanauma.

Juliana yuko dirishani. Anasema mama, vumbi.

Si gari. Ni Gidamis! Amekuja na mke wake na wale watatu, anawaswaga mbio, shuka limemvuka bega. Anapiga kelele toka mbali.

Festo ameshika tawi la miiba, ameziba mlango wa zizi. Anakataa! Wamesimama pale wanabishana kwa Kibarbaig, wanaume wazima, ng'ombe katikati. Nashika maneno machache. Gidamis anasema walipotuhamisha sisi Wabarbaig bondeni kupisha mashamba ya ngano nililala kwa nani? Si kwa baba yako? Aliniuliza karatasi? Festo anasema rudi nao, tafadhali, watakuchukulia wote. Gidamis anasema wachukue! Analia yule Mbarbaig. Sijawahi kumwona analia. Festo naye, lakini tawi haliachii.

Gari sasa. Kweli ni gari. Jeupe, na pikipiki ya Emanuel mbele. Limefika kwenye kona ya mashine.

Mzee Akonaay amesimama. Anasema ingizeni au ondoeni, lakini wakikuta wako nje mimi sina la kuwaambia. Hakuna anayemsikiliza. Ng'ombe wameweka vichwa mlangoni wanataka kuingia, wanapajua. Festo amegeuka anaangalia huku jikoni.

Niliahidi kunyamaza. Kukaa sikuahidi. Naenda kuling'oa lile tawi.