Tundu Nililoliona

Kalama, Jumapili, 12 Agosti 2001

Kaka yangu Mutua,

Leo umetimiza mwaka mmoja udongoni. Vipande vya chupa bado vimekwama kwenye mlango wa karakana yako. Mwaitu amekataa viondolewe. Anasema yeye ndiye mama, hakuna atakayegusa mlango wa mwanawe.

Baada ya mazishi walikuja polisi. Majirani walikuwa wamesema ulikuwa unatengeneza bomu. Wakaponda seli zako zote za umeme kwa buti. Mmoja akanikaba shingo ukutani: "We mama, sema! Bomu ni la nani?" Nikamwambia ni kitu cha kutoa umeme kwa gesi ya haidrojeni, na moshi wake ni maji tu. Akanizaba kofi. "Moshi wa maji! Unaniona mjinga?"

Ungekuwepo ungecheka kwanza, halafu ungemrukia.

Nakumbuka vidole vyako, vyeusi kwa masizi. Ulichanganya masizi na vumbi la platini, ghali kama dhahabu, kila mara ukiipunguza, ukitafuta kichocheo cha kufanya kazi ileile kwa nusu yake. Ukinipa kijiko unafoka: "Kavinya, hii si chumvi ya kupikia muthokoi, usinimwagie!"

Kazi yangu ilikuwa pasi. Kule kiwandani Athi River nilinyoosha kola za mashati kutwa, ukasema hakuna mkono mwingine utakaobandika masizi yako kwenye utando. Utando wenyewe ulikuwa kama nailoni nyembamba, wa kutenga gesi upande huu na hewa upande ule. Uliusubiri kutoka ng'ambo miezi minane.

Sasa nisikilize.

Siku ile nilikandamiza pasi kama ninayenyoosha pamba. Nilipouinua utando juani nikaona tundu, dogo kama la sindano. Nililiona, Mutua. Wewe ulikuwa nje unapiga mluzi, unafunga mrija wa mpira kwenye chupa ya gesi. Miezi minane. Nikashindwa kukuambia. Nikajiambia, kwenye shati tundu kama hilo halina neno.

Ukafunga seli. Ukaanza kusukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, na hewa ikapenya palepale, ikachanganyika na gesi, platini ikaiwasha. Moto ukarudi mpaka kwenye chupa. Ikapasuka. Kioo kikakukata shingo, damu ikaruka hadi kwenye mabati. Niliziba kwa gauni langu, nikaziba kwa mikono, ikanipita vidoleni, ya moto. Ulinitazama tu.

Mwezi uliopita alikuja mwenzako wa chuoni. Kuna seli moja ilikuwa imebingirika chini ya kabati, buti hazikuifikia. Akaipima. Nusu ya platini, Mutua, na nguvu ileile! Mwaitu akalia, akasema, "Kumbe mwanangu hakukosea." Nikaitikia ndiyo, na lile tundu nikalificha tena.

Mwenzako anataka nipige pasi tando nyingine. Sijamjibu.

Kesho nitamketisha Mwaitu nimweleze kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu. Akinipiga sitakinga uso. Akinifukuza nitatoka. Lakini nitaishika ile pasi tena, na kila utando nitauzamisha majini na kuusukumia hewa, nitazame kama unatoa povu. Nikiona hata chembe moja nitapiga kelele, hata kama umesubiriwa miaka.

Pumzika, mwanaa mwaitu, ndugu yangu wa tumbo moja. Na huko uliko, unikumbuke.

Dadako,
Kavinya