Chai ya Mwimbaji

Eldoret, Jumamosi, Agosti 1954

Nimempa chai mwenye ile sauti! Kule kwetu Busoga nilisikiliza santuri yake mpaka sindano ikaisha, na leo ameketi hapa kwa ndugu yangu Yosia, anakohoa kama watu wengine.

Tangu nije kukaa na Yosia mwaka huu nimeona wenye majina wengi. Hoteli za mjini ni za Wazungu, kwa hiyo wanamuziki wakija kupiga dansi hulala hapa. Lakini huyu!

Asubuhi Yosia alinionya tena. "Dada, usipige magoti ukimpa mgeni chai. Hapa si Busoga. Watu watacheka, na mimi ni karani."

Iliniuma. Nina miaka arobaini na sita, nifundishwe kusalimia? Hata hivyo nilikubali. Kisha mgeni akanyoosha mkono achukue kikombe, na magoti yangu yakakunjika yenyewe. Wapiga gita wake wakacheka. Yosia akanikodolea macho.

Mwimbaji akateremka kitini, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, wewe uko chini, mimi nikae juu kama nani?"

Akanywa chai yote pale sakafuni. Wenzake wakaacha kucheka, wakateremka mmoja mmoja. Akaanza kuimba polepole, sauti ileile, karibu nami kiasi kwamba...

Yosia alibaki amesimama peke yake, birika mkononi. Halafu nikamwona analiweka chini, na magoti yake yanakunjika taratibu, vile mama alivyotufundisha.