Folda ya Mwamuzi wa Keki

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA MAONYESHO YA KILIMO, TOLMER WELL, AUSTRALIA KUSINI

Tarehe: 16 Machi, ukumbi wa kijiji

Waliohudhuria: Merv Trezise (Mwenyekiti), Clive Hollamby (Mhazini), Glenys Trezise (Mjumbe, mke wa Mwenyekiti), Lorelle Kitschke (Katibu)
Hakuhudhuria: Doug Nankivell (yuko kwenye kukata manyoya ya kondoo)

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Kikao kilichelewa dakika 20. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti, na suruali ilikuwa kwenye kamba ya nguo.

KUMB. NA. 2: FOLDA ILIYOACHWA WAZI
Katibu alikumbusha kwamba kamati imekataa mara tatu kuwa na hifadhi yake ya mtandaoni, hivyo kila kitu hukaa kwenye hifadhi binafsi ya Katibu, pamoja na mambo ya familia yake. Mwezi uliopita aliwatumia wajumbe kiungo cha picha za maonyesho. Maoni ya siri ya mwamuzi wa keki yalikuwa humo humo, bila neno la siri.

Mjumbe Glenys alikiri kuyafungua. "Nilikuwa namtafuta yule ng'ombe aliyeshinda." Alilalamika kwamba keki yake imeandikwa "zabibu zimezama, katikati mbichi."

"Na sote tunapika kwa maelezo yale yale ya upishi uliyotupa wewe, Lorelle!"

Katibu alijibu kwamba ndiyo maana tofauti huonekana. Mwenyekiti aliomba jibu hilo lisiandikwe. Limeandikwa.

Mhazini aliuliza nyonga ya mume wa Katibu inaendeleaje. Katibu alitaka kujua nani kamwambia. Mhazini alisema picha ya eksirei ilifuata baada ya ile ya ng'ombe.

KUMB. NA. 3: SIMU YA MWAMUZI
Katibu aliarifu kwamba mwamuzi wa keki, Bi. Noreen Stacker, amepiga simu kusema hatarudi mpaka folda yake ifungwe. Hakuna mwamuzi mwingine. Asipokuja, shindano la keki halipo.

KUMB. NA. 4: NENO LA SIRI
Katibu aliomba aachiwe aliweke mwenyewe. Mwenyekiti alikataa: lazima hoja itolewe, iungwe mkono, ipigiwe kura. "Hata birika tulilipigia kura, mama."

Mhazini alipendekeza jina la mbwa wa Mwenyekiti. Mjumbe Glenys aliunga mkono, "maana Merv hakumbuki kingine." Ndiyo 3, hapana 1.

Katibu alieleza kwamba kumbukumbu hizi hubandikwa mlangoni pa duka. Mwenyekiti alisema, "Utaratibu ni utaratibu. Andika."

Imeandikwa: neno la siri ni Rusty1.

KUMB. NA. 5: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:45 jioni kwa chai na keki ya Mjumbe Glenys. Mwamuzi hakukosea.

NYONGEZA KABLA YA SAINI
Jumanne Mjumbe Glenys alipiga simu kulalamika kwamba neno lililopitishwa na kamati halifungui folda. Katibu alimuuliza anatafuta nini. Alisema ng'ombe.

Folda ilifungwa kabla ya kikao, kwa neno ambalo halikuungwa mkono na mtu yeyote. Bi. Noreen atakuja.

M. Trezise, Mwenyekiti (amesaini bila kusoma)
L. Kitschke, Katibu