Nyemo wa Kukabidhiwa

Jumanne, 1 Julai

Nimerudi kutoka kazini Mtumba. Chai. Sweta. Kiti changu. Upepo unapiga mabati tangu asubuhi, Julai ya Dodoma haina adabu. Kompyuta ya Neema imeshawaka.

Neema, binti yangu, yuko chuoni Chimwaga kwenye mitihani ya kufunga mwaka. Kompyuta kaiacha nyumbani makusudi, isimtie majaribuni. Mchezo wake kaniachia mimi. Una jina refu la Kiingereza. Mimi nauita Jangwa tu. Dunia imekwisha, miji imeungua, mvua hainyeshi, na wewe una kikosi cha watu wachache wa kuwavusha. Mnacheza kwa zamu. Unasogeza mtu wako, unambanza nyuma ya ukuta, unapiga, kisha adui naye anasogeza. Ni drafti yenye bunduki. Na drafti pale ofisini hakuna wa kunifunga.

Kikosi: Chuma, wa kwangu mwenyewe, mzee wa bunduki kubwa. Daktari, mama mkali. Mbwa wa bati, anayenusa mabomu. Na Nyemo, wa Neema. Mdunguaji. Skafu nyekundu shingoni. Neema kamlea mwaka mzima, tangu akiwa hajui hata kushika bunduki. Sasa anampata mtu akiwa mlima wa pili.

Amri ya Neema ilikuwa moja. Nilishe watu, nizunguke karibu, nisimpotezee Nyemo. Maana Jangwa halina kurudi nyuma. Linajihifadhi lenyewe kila unaposogea. Aliyekufa kafa.

Nikamwambia aende akasome. Mimi ni afisa ugavi. Kutunza vitu vya watu ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Ijumaa, 4 Julai

Mchezo mzuri. Nasema bila kupepesa macho. Upepo wake ni upepo kweli. Leo nimesimama kwenda kufunga dirisha, kumbe upepo ni wa ndani ya kompyuta.

Ubaya wake: unakwambia huyu adui humkosi, halafu unamkosa. Hatua mbili tu! Nimeigombeza kompyuta mpaka Mama Neema akachungulia kutoka jikoni.

Ubaya mwingine nilidhani nimeugundua. Watu wanakufa kiu huku wanapita kando ya mto wa mchanga. Nikasema, huyu aliyetengeneza hajawahi kukaa pakavu. Nikamshusha Chuma mtoni na koleo, nikajaribu kuchimba. Maji! Machache, ya rangi ya chai, lakini maji. Nimefurahi kama mtoto. Sisi Chamwino tulikunywa ya namna hiyo kila kiangazi, mama akiingia shimoni na kibuyu, sisi juu tunapokea. Neema amepita mito hiyo mwaka mzima, hakuwahi kuchimba hata mmoja. Watoto wa bombani hawa.

Jumamosi, 5 Julai

Mama Neema kaniuliza kama mtu mzima mwenye miwani hana kazi nyingine. Nimemwambia ninayo, ndiyo hii.

Hajui ninachokifanya. Baba yangu alikaa na ng'ombe wa watu. Ndiyo desturi yetu Wagogo, ng'ombe wote hawalali zizi moja. Wengine unampa rafiki wa mbali akae nao. Maziwa yake, samadi yake, ng'ombe wako. Ugonjwa ukipita kwako, kule wanabaki. Na anayekaa nao anaomba siku mwenyewe akija awakute wamenenepa. Akifa mmoja, anachuna ngozi na kuipeleka kwa mwenyewe kabla haijakauka. Asipoipeleka, basi kamla.

Nyemo ni ng'ombe wa Neema. Nataka akirudi amkute na risasi tele na mapipa yamejaa maji. Neema amekuwa akiwapimia maji kwa vikombe, mtoto wa watu! Nitampa mapipa.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Nyemo amekufa.

Niandike ilivyokuwa. Sikukuu, niko nyumbani, asubuhi, jua limejaa sebuleni. Mapipa mawili matupu. Nimekuta mto mpana kuliko yote, mchanga mweupe, mzuri. Nimewashusha wote wanne. Chuma anachimba, Daktari anachota, Mbwa analinda. Nyemo nimemweka katikati, karibu na maji, nikidhani ndipo salama zaidi. Pipa la kwanza likajaa. Roho ikanituma la pili. Kiza cha mchezo kikaingia, wamechoka, nikabonyeza walale palepale.

Mtoni! Mgogo mzima, nimelaza watu mtoni. Maji unachota, unaondoka. Kulala unapanda juu. Najua hilo tangu sijaota meno. Lakini niliona maji, akili ikahama.

Majambazi wametokea kingo zote mbili. Wao juu, sisi chini. Hakuna ukuta, hakuna jiwe, mchanga mtupu. Chuma kajeruhiwa zamu ya kwanza. Nyemo kaangusha wawili, mmoja baada ya mwingine, safi kabisa. Ningeweza kumtoa. Zamu moja ilikuwepo. Nikaitumia kuokoa pipa.

Pipa!

Watatu wametoka. Yeye kabaki mchangani na skafu yake. Mchezo umeandika jina lake, ukachora mstari juu yake, ukajihifadhi. Nimeketi. Mama Neema kaniita kula, sikuitika. Kaja, kaona uso wangu, akadhani kuna msiba Chamwino.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Sina zaidi.

Jumanne, 8 Julai

Ofisini nimemwambia Maganga. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, tunacheza naye drafti mchana. Kacheka mpaka kafuta machozi, kisha kanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi! Wagogo bwana, mkiona tope tu mnafungua kambi." Nimemwambia anyamaze, babu zake walibebeshwa mizigo mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi. Kisha kaacha utani. Akanishauri nimwambie Neema umeme ulikatika, kompyuta ikazimika, mchezo ukaharibika. Nani atabisha? Dodoma hii, kiangazi hiki.

Ushauri mzuri. Nimerudi nao nyumbani mfukoni.

Mama Neema kasema nisimwambie chochote mpaka Ijumaa, amalize mtihani wa mwisho. Nao ushauri mzuri.

Neema kapiga simu magharibi. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Halafu akauliza.

"Nyemo hajambo?"

Umeme ulikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikamwona baba yangu na ngozi mbichi begani, nzi wanamfuata, anakwenda Manchali kwa mwenye ng'ombe. Hakungoja mwenye ng'ombe amalize mavuno.

Nikasema, "Nyemo kafa, mwanangu. Nimemuua mimi. Nakuletea vitu vyake."

Kisha akakata simu.

Mama Neema alikuwa mlangoni. Kaniambia mtoto akifeli, nitamlea mimi na kompyuta yangu. Amekwenda kulala na khanga yake kichwani. Naogopa. Sijawahi kuogopa mtihani nisioufanya mimi.

Jumatano, 9 Julai

Simu haipokelewi. Ujumbe umesomwa, haujajibiwa.

Ugali na mlenda vimewekwa mezani bila neno. Vikaondolewa bila neno.

Jumla ya nilichomharibia sijui. Mwaka mzima wa Nyemo, hilo najua. Mwaka mzima wa chuo, hilo ndilo linanila. Na je, ataniachia tena kitu chochote? Hilo ndilo kubwa zaidi, niliseme.

Jambo jingine. Nilisema nakuletea vitu vyake. Vitu gani? Bunduki na skafu vimebaki mtoni, na majambazi wamepiga kambi palepale. Mikono yangu mitupu. Bila ngozi, nimemla.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeitoa skafu.

Nimetoka kazini mapema, nikavua viatu, nikakunja mikono ya shati. Leo sikucheza, nimefanya kazi. Watu watatu, mmoja mgonjwa, dhidi ya kambi nzima. Mwenye akili angepita mbali.

Kwanza maji. Sikuyabeba yote. Nimeyaficha sehemu tatu njiani: kwenye basi bovu, kwenye kisima cha shule iliyoungua, chini ya mnara. Kama baba na ng'ombe. Likiharibika moja, mengine yapo. Kisha Chuma nikampandisha ukingo wa juu, pale ambapo Nyemo alistahili kuwa siku ile. Mbwa nikampeleka ng'ambo abweke. Wajinga wote wakageuza bunduki kwa Mbwa. Chuma akaanza kuwachagua mmoja mmoja. Hakukosa hata risasi moja. Mchezo uliponiambia huyu humkosi, kweli sikumkosa. Daktari kashuka mchangani peke yake, kainama, kachukua skafu na bunduki, kapanda.

Kapigwa mguu akipanda. Basi lenye maji wakalikuta limeshachomwa. La shule lilikuwepo. Wamekunywa, amefunga kidonda, wamefika kambini wote watatu. Mbwa anatikisa mkia wa bati.

Nimepiga mchezo ambao Maganga angeuona angeacha drafti. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine ataandika?

Nilipogeuka, Mama Neema alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Sijui tangu lini. Kauliza, "Yule mama wa mguu atapona?" Nimemwambia atapona. Kasema sawa. Akaniletea chai.

Ijumaa, 11 Julai

Picha ya simu ingetosha, angesema Maganga. Lakini ngozi haipelekwi kwa picha. Nimechomoa boksi zima la kompyuta. Mama Neema kalifunga mwenyewe kwa kitenge chake, kama mtoto wa mgongoni. Nimepanda bajaji nimelipakata mpaka Chimwaga. Dereva kauliza kama ni spika ya kanisani.

Nimesubiri nje ya chumba cha mtihani. Wametoka wanacheka, wanarushiana mabegi. Neema kaniona. Hakunisalimia. Katika maisha yake yote hajawahi kupita mbele yangu bila shikamoo. Kaangalia kitenge, akasema, "Twende kwa mama wa chipsi, ana tivii."

Nikafuata nyuma.

Mama wa chipsi katuruhusu tuunganishe. Vijana waliokuwa wanangoja mpira wakalalamika, kisha wakasogea kuangalia. Jangwa likafunguka kwenye tivii. Kambi, moto, watu watatu, na chini karibu na moto, skafu nyekundu na bunduki. Nikaeleza. Sikupunguza. Mchanga, pipa la kwanza, roho kunituma la pili, kulala. Zamu moja iliyokuwepo nikaokoa pipa. Kijana mmoja kavua kofia, nisingeshangaa angetoa rambirambi.

Neema aliangalia ile skafu muda mrefu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye wino.

"Mtoni, baba? Umewalaza mtoni?"

"Mtoni."

"Na wewe ndiye Mgogo wa Chamwino?"

Akaanza kucheka. Huku analia. Vijana nao wakapata ruhusa, banda zima likacheka, mama wa chipsi akiwa wa kwanza. Nimechekwa na watu nisiowajua na sijawahi kufurahi hivyo.

Baadaye, vijana walipokwisha kurudi kwenye mpira wao, kasema usiku ule wa simu alinichukia. Hakulala. Mtihani wa Jumatano aliufanya kwa hasira, hajui umekwendaje. Nimesema naomba radhi kwa huo. Akasema alfajiri alipokuwa anatazama dari lilimjia wazo kwamba ningeweza kusema umeme ulikatika. Angeamini. Kila mtu angeamini.

Sikumwambia kuhusu Maganga.

Akasimama, akaja upande wangu wa meza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Marahaba nikaitoa nusu.

Jumapili, 13 Julai

Upepo umepungua. Mama Neema yuko kanisani, kwaya ina mazoezi.

Neema kaondoka asubuhi kwenda Kondoa, mafunzo ya vitendo, mpaka chuo kifunguliwe. Kompyuta imerudi mahali pake. Kabla hajaondoka kafungua Jangwa, kaokota msichana mmoja kwenye kijiji kilichoungua. Mwembamba, hajui kushika bunduki. Kamfunga ile skafu. Jina hakumpa, kasema nimtafutie mimi. Kisha akachukua begi lake.

"Kaa naye, baba."

Hakuongeza amri yoyote.

Nimecheza kidogo tu leo. Nimemshusha Chuma mtoni, kachimba, pipa moja. Tumepanda ukingoni kabla jua halijazama. Msichana nimemlaza nyuma ya jiwe kubwa, Mbwa miguuni pake. Nimezima.

Jina bado nalifikiria.