Panya kwa Mugonjwa

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Mangobo tuko wazima, Mungu anatushika. Papa yako anakusalimia, na tantine yako, dada ya papa yako, amezaa muvulana. Bon.

Unaniuliza toka Lubumbashi kama ile paka yako yenye kukimbia watu inakupenda, ao uitoe ubakie na ile ingine. Ee mutoto, umenikumbusha matata!

Wakati ya Zaire, nilipokuwa nimeolewa tu, nilikuwa na paka mbili. Mumoja, jina yake Rafiki, alisalimia kila mugeni na kulala mu mapaja yake. Nkanda, ni kusema hasira kwa Lingala, alinipiga makucha hata nikimupa samaki. Nilichoka naye!

Kisha malaria ikaniangusha, bwana yangu akiwa safarini mu boti. Unajua kwetu: mutu haingie kwa mugonjwa mikono mitupu. Jirani akaniletea lituma ya ndizi ya kutwanga na supu. Rafiki akafuata sufuria ya jirani, akahamia kule kabisa.

Asubuhi Nkanda akapanda kitanda, akaweka panya nzima yenye ameua, bado ya moto, juu ya kikwembe changu cha harusi. Nikalia, nikamutukana, nikatupa panya nje. Akairudisha. Nikatupa tena. Akairudisha, akakaa mbali, akaniangalia kama mama mwenye kungoja mutoto amalize sahani.

Donc, usinisumbue na kupenda. Doa ya damu ya ile panya haikutoka kwa kikwembe mpaka leo. Bakia tu na ile yenye kukimbia watu, lakini siku utaugua, ficha shuka zako nzuri.

Koko yako mwenye kukuwaza,
Mama Aziza